Viwanda vya Dawa Katika Nchi Zinazoendelea: Vitakuaje na Kudumu?

Ndugu mtahiniwa, anza mada hii kwa kisa kifupi. Mwaka mmoja, mvua za masika zilipokuwa zimekolea huku Buhigwe, mwanafunzi wangu wa kidato cha nne alikosa masomo siku tatu mfululizo. Nilipofika kwao nilimkuta amejifunika blanketi mchana, anatetemeka. Alikuwa amepimwa zahanati na kukutwa na malaria, lakini dawa mseto ilikuwa imeisha. Baba yake akauza debe la maharage, akaenda kununua dozi kwenye duka la dawa muhimu. Kijana alimeza vidonge vya siku ya kwanza, homa ikashuka, vilivyobaki vikawekwa kwa ajili ya mdogo wake. Baada ya siku chache homa ikarudi kwa nguvu. Mitihani miwili ya majaribio ikampita akiwa kitandani.

Ukikichunguza kisa hiki utaona maswali yote ya mada yetu. Kwa nini dawa iliisha? Ilitoka wapi kabla ya kufika zahanati? Nani aliitengeneza, na kwa nini si hapa nchini? Na kama ingetengenezwa hapa, kiwanda hicho kingeweza kudumu miaka ishirini au kingefungwa baada ya mitano?

Mada hii hugusa Jiografia (viwanda na maendeleo endelevu), Uraia (uchumi na ustawi wa jamii), Kemia na Biolojia, na ni mada nzuri ya insha ya Kiswahili. Baadhi ya mitihani hiyo utaiandika kwa Kiingereza. Hata hivyo, elewa kwanza kwa lugha unayofikiria kwayo. Mwanafunzi aliyekariri bila kuelewa hukwama swali linapogeuzwa kidogo.

1. Maneno ya kuelewa kwanza

Kiwanda cha dawa ni mahali ambapo malighafi hubadilishwa kuwa dawa iliyo tayari kutumika: vidonge, kapsuli, dawa za maji, sindano, dripu au dawa za kupaka.

Kiambato hai ni kile kitu ndani ya dawa kinachotibu. Kidonge cha parasetamoli kina miligramu 500 za kiambato hai. Kilichobaki ni vitu vya kushikilia na kujazia, kama wanga.

Hataza ni haki ya kisheria anayopewa mgunduzi ili wengine wasitengeneze alichogundua kwa muda fulani, kwa kawaida miaka 20. Hataza ikiisha, kiwanda chochote chenye uwezo kinaweza kutengeneza dawa ileile kwa bei nafuu. Dawa nyingi zinazotumika katika zahanati zetu ni za aina hii.

Ukuaji endelevu ni ukuaji unaotimiza mahitaji ya leo bila kuharibu uwezo wa vizazi vijavyo kutimiza ya kwao. Una nguzo tatu: uchumi (kiwanda kijiendeshe bila hasara), jamii (watu wapate dawa salama na wanayoimudu) na mazingira (maji, hewa na ardhi visiharibiwe). Ukitaja nguzo moja tu katika mtihani, jibu lako halijakamilika.

2. Dawa hutengenezwaje?

Utengenezaji una hatua tatu kuu.

Kwanza ni kutengeneza kiambato hai. Hii ni kazi ya kemia nzito: hutumia mitambo ya gharama kubwa, viyeyushi, joto na wataalamu wengi. Sehemu kubwa ya viambato hai duniani hutoka China na India.

Pili ni kuunda dawa yenyewe. Kiambato hai huchanganywa na vitu vya kushikilia, hushindiliwa kuwa kidonge au hujazwa kwenye kapsuli au chupa. Viwanda vingi vya Afrika Mashariki vipo kwenye hatua hii.

Tatu ni kufungasha na kupima ubora. Kila toleo la dawa hupimwa maabara. Je, kiambato kipo kwa kiasi sahihi? Je, kidonge kinayeyuka kwa muda unaotakiwa? Je, hakuna vijidudu?

Kumbuka hatua hizi, kwa sababu tatizo moja kubwa la nchi zinazoendelea limo humo. Nchi inaweza kuwa na viwanda vya kuunda vidonge na bado ikategemea nje kwa kiambato hai. Machi 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea, India ilizuia kwa muda kuuza nje viambato na dawa 26, parasetamoli ikiwemo. Machi 2021 ikapunguza kupeleka nje chanjo ili kuhudumia watu wake kwanza. Hapo Waafrika wengi walijifunza kuwa kuwa na fedha za kununulia hakutoshi kama muuzaji amefunga mlango.

3. Safari ya Tanzania

Tanzania haikuanza jana. Kiwanda cha Mansoor Daya kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru. Mwaka 1968 ukaanza uzalishaji wa dawa Keko, Dar es Salaam, chini ya Serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kikajengwa kiwanda cha umma Arusha, Tanzania Pharmaceutical Industries. Upande wa watu binafsi, Shelys ya Dar es Salaam ilikua kuanzia miaka ya 1980, na mwaka 2008 kampuni ya Aspen ya Afrika Kusini ikanunua sehemu kubwa ya hisa zake.

Viwanda vya umma vilipata shida miaka ya 1980. Nchi haikuwa na fedha za kigeni za kutosha, na kiwanda kinachoagiza malighafi nje hakiwezi kufanya kazi bila fedha za kigeni. Mwaka 1997 viwanda vya Keko na Arusha viliuzwa kwa sehemu kubwa kwa watu binafsi, Serikali ikabaki na hisa chache. Havikupona moja kwa moja. Keko, kwa mfano, kimepitia vipindi vya kusimama na kufufuliwa. Jifunze hapa kuwa kubadili mmiliki peke yake hakuondoi tatizo la malighafi, mtaji na soko.

Taasisi mbili lazima uzifahamu. Ya kwanza ni Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993 na kuanza kazi mwaka 1994. Hununua, hutunza na kusambaza dawa kwa vituo vya umma. Kwa miaka mingi mkoa wetu wa Kigoma umehudumiwa kupitia Kanda ya Tabora. Ya pili ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inayosajili dawa, kukagua viwanda na kupima ubora. Kabla ya mwaka 2019 ilijulikana kama TFDA na ilishughulikia chakula pia. Desemba 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa mamlaka hii imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, ikiwa ya kwanza barani Afrika. Wanafunzi wengi huchanganya taasisi hizi. MSD inanunua na kusambaza, TMDA inadhibiti.

Miaka ya karibuni uwekezaji umeongezeka. Kibaha, mkoani Pwani, kuna kiwanda cha Kairuki kinachotengeneza dripu. Idofi, Makambako, mkoani Njombe, MSD imejenga kiwanda cha mipira ya mikono ya wahudumu wa afya. Hata hivyo dawa nyingi tunazotumia, zaidi ya nne katika kila tano, bado hutoka nje.

4. Majirani wametufundisha nini?

Uganda. Mwaka 2007 kilifunguliwa kiwanda Luzira, Kampala, kwa ubia kati ya wafanyabiashara wa Uganda na kampuni ya Cipla ya India. Kinatengeneza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na dawa mseto ya malaria. Cipla ilileta ujuzi, na Serikali ya Uganda ilitoa ardhi na kuahidi kununua dawa. Mwaka 2018 hisa zake zikaanza kuuzwa kwenye soko la hisa la Uganda. Cipla iliuza hisa zake mwaka 2023, na kiwanda kikaendelea. Jambo la kuzingatia ni soko lililoahidiwa mapema na ujuzi uliobaki nchini.

Kenya. Kenya ina viwanda vingi kuliko nchi nyingine za Afrika Mashariki. Kampuni ya Universal Corporation ya Kikuyu, karibu na Nairobi, ilipata idhini ya ubora ya Shirika la Afya Duniani kwa dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI mwaka 2023. Mwaka 2025 Mfuko wa Dunia ukanunua dawa hiyo kwa ajili ya Msumbiji. Idhini ya kimataifa ndiyo iliyofungua soko kubwa.

Kongo Mashariki. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ukielekea kaskazini hadi Bukavu, kuna kiwanda cha Pharmakina. Hiki hufanya kitu ambacho wengi hawafanyi: hutengeneza kiambato hai chenyewe, yaani kwinini, kutoka magome ya mikwinini iliyopandwa milima ya Kivu. Lakini mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri sindano ya artesunate itumike badala ya kwinini kwa malaria kali, watoto wakiwemo. Ongeza na vita vya muda mrefu eneo hilo. Kiwanda chenye malighafi yake mlangoni nacho kinaweza kutikiswa na mabadiliko ya tiba na ukosefu wa amani.

India. Mwaka 1970 India ilitunga sheria ya hataza iliyolinda njia ya kutengeneza dawa, si dawa yenyewe. Viwanda vyake vikaruhusiwa kutengeneza dawa zilezile kwa njia nyingine. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 2005, na ndani ya kipindi hicho India ikajijenga hadi kuitwa duka la dawa la dunia. Kwa sasa Shirika la Biashara Duniani limezipa nchi zenye maendeleo duni kabisa, Tanzania ikiwemo, ruhusa ya kutolinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033, isipokuwa nchi ikitoka kwenye kundi hilo mapema. Kenya haimo katika kundi hilo. Kwa hiyo tuna dirisha, na dirisha lina tarehe ya kufungwa.

5. Mambo yanayofanya kiwanda kidumu

(a) Soko kubwa na la uhakika. Fuata hesabu hii ya kubuni. Kiwanda kina gharama zisizobadilika, kama mishahara, ukaguzi na matengenezo ya mitambo, za shilingi milioni 600 kwa mwaka. Kikitengeneza vidonge milioni 10, kila kidonge kinabeba shilingi 60 za gharama hizo kabla hujahesabu malighafi. Kikitengeneza vidonge milioni 60, kila kidonge kinabeba shilingi 10 tu. Mitambo ni ileile na wafanyakazi ni walewale. Ndiyo maana kiwanda cha India kinachohudumia mamia ya mamilioni ya watu kinaweza kuuza kwa bei ya chini kuliko cha Dar es Salaam, hata baada ya kulipa nauli ya meli.

Mfano halisi wa soko: Julai 2015 kilifunguliwa Kibaha kiwanda cha viuatilifu vya kuua viluwiluwi vya mbu, chini ya Shirika la Taifa la Maendeleo kwa ushirikiano na Kuba. Bidhaa ilikuwepo, mbu walikuwepo, lakini halmashauri hazikuwa zikinunua. Juni 2017 Rais John Magufuli alipotembelea kiwanda hicho aliagiza halmashauri zichukue bidhaa zake. Kumbuka tofauti hii: uhitaji si sawa na soko. Soko ni uhitaji wenye fedha ya kununulia.

(b) Malipo kwa wakati. Mnunuzi mkubwa wa dawa katika nchi zetu ni Serikali. Ikichelewa kulipa miezi mingi, kiwanda hukosa fedha za kuagiza malighafi, mitambo husimama na dawa hukosekana. Mnyororo huo huishia kwenye rafu ya zahanati.

(c) Kodi zinazoeleweka. Katika Afrika Mashariki dawa nyingi zilizokamilika huingia bila ushuru ili mgonjwa apate nafuu. Lakini kwa miaka mingi wenye viwanda wamelalamika kuwa vifungashio na baadhi ya malighafi hutozwa. Dawa ya nje inaingia bure, chupa ya dawa ya ndani inatozwa. Hapo unamwadhibu anayetengeneza nyumbani.

(d) Umeme, maji na usafiri. Mitambo ya dawa haivumilii umeme wa kukatika, na maji yake husafishwa kuliko ya kunywa. Fikiria Kasulu na Kibondo, zilizotegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya kufikiwa na gridi ya Taifa. Nani angeweka kiwanda cha dawa hapo?

(e) Wataalamu. Kiwanda kinahitaji wafamasia, wakemia, wahandisi, wanabiolojia na mafundi mitambo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili huandaa wafamasia, lakini kazi ya kiwandani inadai ujuzi zaidi ya ule wa duka la dawa.

(f) Ubora. Dawa duni inaua mara mbili: haimponyi mgonjwa, na inafundisha vimelea kuzoea dawa. Tanzania iliacha klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa sugu, ikatumia SP, kisha mwishoni mwa mwaka 2006 ikahamia dawa mseto. Kila dawa inayozoeleka ni dawa tuliyopoteza. Rudi kwa mwanafunzi wangu aliyemeza vidonge vya siku moja tu. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu. Kutomaliza dozi ni njia nyingine ya kuwafundisha vimelea.

(g) Ushirikiano wa nchi. Soko la nchi moja ni dogo. Mwaka 2012 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizindua Arusha mpango wa kuoanisha taratibu za usajili wa dawa, ili dawa iliyokaguliwa kwa pamoja isirudie safari ileile katika kila nchi. Mkataba wa Wakala wa Dawa wa Afrika ulianza kutumika Novemba 2021, na makao yake ni Kigali. Umoja wa Afrika pia umeweka lengo kuwa ifikapo mwaka 2040 asilimia 60 ya chanjo zinazotumika barani zitengenezwe barani.

6. Mazingira

Wanafunzi wengi husahau nguzo hii. Kiwanda cha dawa hutoa maji taka yenye kemikali na mabaki ya dawa. Mabaki ya antibiotiki yakiingia mtoni, bakteria waliomo huzizoea, na usugu husambaa hadi kwa binadamu. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo kutoka eneo la viwanda karibu na Hyderabad, India, yaliyoonesha kiasi kikubwa mno cha antibiotiki kwenye maji yaliyotoka mtambo wa kusafishia maji taka ya viwanda vya dawa. Dawa zilikuwa rahisi madukani, lakini sehemu ya gharama ililipwa na mto na watu wanaoishi pembeni yake.

Sisi wa Kigoma tuna Mto Malagarasi na Ziwa Tanganyika. Kiwanda chochote kitakachojengwa kwenye bonde hili kingepaswa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira na kuwa na mtambo wa kusafisha maji taka kabla ya kutoa kidonge cha kwanza.

7. Je, kiwanda cha dawa kinaweza kujengwa Buhigwe?

Hili ni zoezi la kufikiri. Swali la kuchagua mahali pa kiwanda hupenda kuulizwa, na hapa unaweza kutumia mazingira unayoyajua.

Anza na uzito. Vidonge ni vyepesi na vya thamani. Boksi moja hubeba dozi za kijiji kizima. Nauli kwa kila kidonge ni ndogo, kwa hiyo kiwanda cha vidonge hakilazimiki kuwa karibu na mgonjwa. Dripu ni tofauti. Sehemu yake kubwa ni maji. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina urefu wa takribani kilometa 1,250. Kusafirisha dripu umbali huo ni kulipa nauli ya maji. Kwa kanuni hii, bidhaa nzito na ya bei ndogo hufaa kutengenezwa karibu na soko.

Faida za Buhigwe: tupo mpakani na Burundi kupitia Manyovu, hivyo soko linaweza kuvuka mpaka. Kuna vyanzo vya maji milimani. Kasulu na Kibondo zina watu wengi, na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta zimeongeza uhitaji wa huduma za afya. Mashamba yetu hutoa mahindi na mihogo, na wanga wa mazao haya hutumika kushikilia vidonge.

Vikwazo: wanga wa dawa lazima usafishwe hadi kiwango maalumu, si ule unaotoka mashine ya kusaga ya Munanila. Vifungashio na kemikali vingesafiri kutoka bandari ya mbali. Maabara ya kupima ubora na wataalamu ni wachache. Soko la wakimbizi si la kudumu, maana wakirejea makwao uhitaji hupungua. Na mwekezaji hulinganisha: kwa nini nisijenge Kibaha, karibu na bandari na Dar es Salaam?

Jibu langu ni hili: kiwanda cha vidonge Buhigwe kwa sasa kingepata shida, lakini hoja ya kiwanda cha dripu kwa kanda ya magharibi, pale Kigoma au Tabora, ni ya kusikilizwa. Wewe unaweza kufikia uamuzi tofauti. Msahihishaji hatakunyima alama kwa uamuzi wako. Atakunyima kwa kukosa sababu.

8. Makosa yanayorudiwa na watahiniwa

Kuandika "ukosefu wa mtaji" na kuacha hapo. Eleza mtaji wa kufanyia nini, na ukikosekana hutokea nini.

Kusema Tanzania haina viwanda vya dawa. Vipo tangu 1962. Tatizo ni uwezo na kudumu.

Kudai kwamba dawa ya ndani lazima iwe rahisi. Rudia hesabu ya sehemu ya 5(a).

Kudai kwamba dawa ya nje ni bora daima. Ubora hupimwa maabara, haupimwi kwa jina la nchi iliyoandikwa kwenye boksi.

Kudhani kuwa kiwanda kikijengwa zahanati zitajaa dawa. Kati ya kiwanda na mgonjwa kuna bajeti, makisio ya mahitaji, ghala, barabara na mtunza stoo. Mhusika mmoja akikosea, rafu inabaki tupu.

9. Swali la mfano na namna ya kulijibu

Swali: "Kujenga viwanda vingi vya dawa kunatosha kumaliza uhaba wa dawa nchini Tanzania." Jadili.

Neno "jadili" linataka pande mbili na msimamo. Panga hivi:

Utangulizi: fafanua kiwanda cha dawa na ukuaji endelevu, kisha taja msimamo wako kwa sentensi moja.

Upande wa kukubali (hoja tatu): hupunguza utegemezi, mfano wa vizuizi vya mwaka 2020 na 2021, huokoa fedha za kigeni, hutoa ajira na ujuzi, mfano wa Luzira.

Upande wa kukataa (hoja tatu): bila soko na malipo ya wakati viwanda husimama, mfano wa Kibaha, bila kiambato hai utegemezi unabaki, bila usambazaji mzuri dawa haifiki kijijini.

Hitimisho: viwanda ni vya lazima lakini havitoshi peke yake.

Aya moja inaweza kuandikwa hivi: "Kiwanda hakiwezi kudumu bila soko la uhakika. Gharama zake nyingi hazibadiliki, hivyo kikizalisha kidogo, kila kidonge kinakuwa ghali na mnunuzi hukimbilia dawa ya nje. Kiwanda cha viuatilifu cha Kibaha kilichofunguliwa mwaka 2015 kilipata tatizo hili pale halmashauri ziliposita kununua. Kwa hiyo, ahadi ya ununuzi lazima iende pamoja na ujenzi." Hoja, sababu, mfano, hitimisho. Kila aya yako ifuate mpangilio huo.

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha kazi za MSD na TMDA.
2. Kwa nini kiwanda kinachounda vidonge hapa nchini bado kinaweza kusimama kwa sababu ya uamuzi wa nchi nyingine?
3. Kiwanda kina gharama zisizobadilika za shilingi milioni 450 kwa mwaka. Kokotoa mzigo wa kila kidonge kikizalisha milioni 9, kisha milioni 45. Eleza maana ya tofauti hiyo.
4. Eleza nguzo tatu za ukuaji endelevu kwa kutumia mfano wa kiwanda cha antibiotiki.
5. Tarehe 1 Januari 2033 ina umuhimu gani kwa viwanda vya dawa Tanzania?
6. Chagua wilaya unayoifahamu. Toa sababu tatu za kujenga na tatu za kutojenga kiwanda cha dripu hapo.

Jibu la swali la 3: shilingi 50, kisha shilingi 10. Kama hukupata hivyo, rudi sehemu ya 5(a) kabla ya kuendelea.

Mwanafunzi niliyemtaja mwanzoni alipona na kufanya mtihani wake wa mwisho Novemba. Alichagua masomo ya sayansi, akiniambia anataka kujua kilichomo ndani ya vile vidonge. Nchi hii itahitaji wakemia, wafamasia na mafundi kwa miaka mingi, na baadhi yao wanaweza kutoka Muyama, Kasulu au Kibondo. Kwa leo, kazi yako ni ndogo: funga kitabu, chukua karatasi, na uandike hoja saba za sehemu ya 5 bila kuangalia. Ukisahau moja, isome tena kesho asubuhi.